Je, Wajua? Mtoto Njiti Akiruhusiwa Kwenda Nyumbani

Mwaka 2020 walizaliwa duniani watoto njiti wapatao milioni 13.4, takriban mmoja katika kila watoto 10. Hayo ni makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ujauzito haujatimiza wiki 37. Katika nchi maskini, nusu ya wanaozaliwa wakiwa na wiki 32 au pungufu hufariki. Katika nchi tajiri karibu wote wanapona. Pengo hilo halitokani na maradhi ya ajabu, bali na joto, maziwa ya mama, hewa ya oksijeni na mtu wa kuangalia.

Kuhusu wodi ya watoto njiti mengi yameshasemwa. Kuhusu siku ile mama anapoambiwa "leo mnaruhusiwa" husemwa machache mno, na hiyo ndiyo siku inayowatia wazazi wengi hofu kuliko zote. Wodini alikuwepo muuguzi wa zamu, mizani, kipimajoto na mashine iliyolia pumzi ilipokatika. Nyumbani kuna mama, baba, pengine bibi, na simu. Ukurasa huu unahusu simu hiyo na vifaa vinavyoandamana nayo: vinavyofaa kweli, na vile vinavyouza hofu tu.

Je, wajua kwamba wazazi walianza kuzungumza na wodi kwa video kabla simu janja hazijaenea? Ilikuwa Boston, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, katika hospitali ya Beth Israel Deaconess. Mradi uliitwa Baby CareLink. Familia zilizopata watoto wa chini ya gramu 1,500 ziliwekewa nyumbani kompyuta yenye kamera. Usiku, baba aliyetoka kazini aliweza kumwona mwanawe bila kusafiri, kusoma taarifa ya siku hiyo na kumuuliza daktari. Mtoto akiruhusiwa, kamera ileile iligeuka upande wa pili: sasa madaktari ndio waliomwona akiwa kwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Watoto waliochunguzwa walikuwa 56 tu, lakini yaliyoonekana yanafikirisha. Wale waliokuwa na kompyuta walitoka wodini wote moja kwa moja hadi nyumbani, ilhali katika kundi lisilo nayo mmoja kati ya 5 alihamishiwa kwanza hospitali nyingine. Wazazi wenye kompyuta walisema pia kwamba waliridhika zaidi na huduma.

Denmark walisogea mbele zaidi. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Odense, njiti ambaye hali yake imetulia lakini bado hajaweza kunyonya maziwa yote anayohitaji aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na mrija puani. Kulisha kwa mrija si jambo la kubahatisha. Kila mara kabla ya kulisha, huvutwa majimaji kidogo kwa bomba la sindano na kudondoshwa kwenye karatasi ya kupimia asidi. Rangi ikionyesha asidi ya tumboni, ndipo maziwa yanapopitishwa polepole. Isipoonyesha, unasimama, kwa sababu mrija unaweza kuwa umeingia njia ya hewa. Wazazi wa Odense walifundishwa kazi hiyo wodini hadi mikono yao ikaizoea. Wakapewa mizani na tableti, wakawa wanaingiza uzito na kiasi cha maziwa, na mara chache kwa wiki muuguzi aliwapigia kwa video, akatazama mtoto anavyoshika titi na kuuliza mama amelala saa ngapi. Hilo la mwisho halimo kwenye mizani, na mara nyingi ndilo linaloeleza kwa nini maziwa yamepungua.

Jambo kama la Odense lisijaribiwe bila mafunzo na bila mtu wa kupokea simu upande wa pili. Lakini linathibitisha jambo ambalo hospitali zetu bado hazijaliamini vya kutosha: mzazi akifundishwa vizuri, anaweza mengi.

Je, wajua kwamba kifaa bora kuliko vyote kwa njiti aliyerudi nyumbani hakitumii umeme? Mwaka 1978, katika Instituto Materno Infantil mjini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko inkubeta. Njiti walilazwa wawili au watatu katika mashine moja, wakaambukizana. Akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefungwa kwa kitambaa, wakinyonya titi. Ndiyo njia ya kangaruu. Kwa miaka mingi iliitwa tiba ya maskini, mbadala wa inkubeta iliyokosekana. Kisha mwaka 2021 ukatoka utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi 5, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Wale walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walikufa kwa kiwango pungufu kwa asilimia 25 kuliko wale waliotangulia kuwekwa kwenye mashine. Mwaka uliofuata shirika hilo likabadilisha mwongozo wake: kangaruu ianze mapema, na iendelee saa 8 hadi 24 kwa siku, hospitalini na nyumbani.

Saa 8 hadi 24 si mchezo. Mama lazima aoge, ale, alale, na pengine ana watoto wengine wanaomsubiri. Kwa hiyo kifua cha baba ni halali, na cha bibi, na cha shangazi. Khanga au kitenge kilichofungwa barabara kinatosha. Na hapa ndipo meseji fupi inapopata kazi yake ya kwanza: kumkumbusha baba, kwa simu yake yeye, kwamba zamu yake imefika.

Wazo la kumwandikia na baba si geni kwetu. Novemba 2012 Tanzania ilizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni. Ulituma neno MTOTO kwenda namba 15001, bila malipo, ukaanza kupokea meseji za Kiswahili kuhusu ujauzito, kliniki, chakula na mtoto mchanga, hadi wiki 16 baada ya kujifungua. Aliyejiandikisha hakulazimika kuwa mjamzito. Baba, rafiki au ndugu aliweza kujiandikisha kama msaidizi na kupata meseji zake. Haikuhitaji simu janja wala bando. Kitochi kilitosha, na kitochi ndicho kilichomo mikononi mwa wanawake wengi vijijini hata leo.

Karibu miaka 2 baadaye, Agosti 2014, Wizara ya Afya ya Afrika Kusini ilianzisha MomConnect, ambayo ilisajili zaidi ya akina mama milioni moja na kuwaandikia kwa lugha 11 rasmi za nchi hiyo. Ilikuwa na kitu ambacho nakipenda sana: mama aliweza kujibu. Aliweza kuuliza swali, kusifu kituo kilichomhudumia vizuri, au kulalamika kuhusu kile kilichomfokea, na malalamiko yakaenda wizarani. Na kama mtoto amefariki, kulikuwa na njia ya kusema hivyo, meseji za kawaida zikakoma na zikaja za kumfariji.

Mzazi wa njiti ataelewa upesi uzito wa jambo hilo. Mifumo mingi ya meseji huhesabu wiki kutoka tarehe ya matarajio. Mama aliyejifungua katika wiki ya 30, mtoto yuko wodini, bado anapokea kila Jumatatu meseji ya kumwambia mtoto tumboni sasa ana ukubwa wa embe, aandae nguo za kujifungulia. Meseji iliyotungwa kwa upendo inageuka kisu. Ukiwa umejiandikisha popote na mtoto akawahi, toa taarifa ya kujifungua mara moja. Na wanaotunga mifumo hii wana wajibu wa kuuliza swali moja la ziada: mtoto alizaliwa wiki ya ngapi?

Kenya ndiko meseji ilikofikishwa mbali zaidi katika ukanda wetu. Shirika la Jacaranda Health linaendesha huduma iitwayo PROMPTS, kwa ushirikiano na serikali za kaunti. Mama anasajiliwa kituoni, anapokea meseji kwa Kiswahili au Kiingereza, na anaweza kuuliza bila kulipa. Sasa fikiria meseji inaingia saa 5 usiku: "mtt wangu hanyonyi tangu jana na mwili n baridi". Hakuna nukta, herufi zimekatwa, na haikuandikwa kwa lugha ya kitabu. Kompyuta imefundishwa kusoma maandishi ya namna hiyo, Kiswahili cha kawaida, Sheng na vifupisho, na kutambua kwamba kutonyonya pamoja na mwili baridi ni dalili za hatari. Swali hilo linarukishwa mbele ya maswali mengine, na mhudumu wa dawati la msaada analishughulikia kwanza, mama aelekezwe kituoni. Swali la lini aanze kumpa mtoto uji linaweza kungoja zamu yake. Mwaka 2023 Jacaranda walitoa UlizaLlama, modeli ya akili mnemba iliyonolewa kwa Kiswahili, ili majibu yatoke haraka na kwa lugha ambayo mama anaizungumza.

Nathamini kazi hiyo kwa sababu moja. Mashine inapanga foleni, lakini watu hawajaondolewa. Siku mtu atakapoondolewa kabisa kwenye dawati lile, mama wa njiti aliyeandika saa 5 usiku atakuwa amerudishwa peke yake.

Je, wajua kwamba njiti ana umri wa aina mbili? Upo wa tangu kuzaliwa, na upo uliorekebishwa, unaohesabiwa kana kwamba alizaliwa siku aliyotarajiwa. Chukua mtoto aliyezaliwa wiki ya 30, wiki 10 kabla ya wakati. Leo ana wiki 16 tangu azaliwe. Toa 10, zinabaki 6. Ukimtazamia afanye ya mtoto wa miezi 4, kushika shingo imara na kucheka kwa sauti, utajitia wasiwasi bure, na majirani watakuongezea. Mpime kwa wiki 6. Hesabu hii hutumika hadi atimize miaka 2, na programu nyingi za simu za wazazi wa njiti huifanya zenyewe ukiingiza tarehe mbili tu.

Ila chanjo hazifuati umri uliorekebishwa. Njiti mwenye hali nzuri huchanjwa kwa umri wake wa tangu kuzaliwa: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, sawa na wenzake waliotimiza miezi 9. Wazazi wengi hudhani mwili mdogo usubiri kwanza. Kinyume chake, mwili mdogo ndio usioweza kumudu kifaduro. Programu inayokukumbusha tarehe za chanjo kwa umri uliorekebishwa imekosea. Ifute.

Hata mistari ya ukuaji ambayo programu hizi huchora ina historia yenye watu wetu ndani yake. Mradi wa INTERGROWTH-21st ulikusanya vipimo kutoka miji 8 duniani ili kupata viwango vya ukuaji wa watoto walio tumboni, wachanga na njiti. Miongoni mwa miji hiyo kulikuwa na Nairobi na Muscat. Viwango vya njiti vilitolewa mwaka 2015 na hutumika hadi wiki 64 kuanzia mwanzo wa ujauzito, yaani takriban miezi 6 baada ya tarehe ya matarajio. Baada ya hapo mtoto anahamia kwenye viwango vya Shirika la Afya Duniani, ambavyo navyo vina watoto wa Oman ndani yake. Kwa hiyo mzazi anayezungumza Kiswahili, awe Mombasa au Muscat, anapotazama mstari ule kwenye simu, hatazami kipimo cha watoto wa mbali.

Joto ni jambo la kufa na kupona. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 anaanza kutumia nguvu zote kujipasha, uzito unakwama, kisha pumzi zinayumba. Tatizo ni kwamba mtoto anayepoa halii. Ananyamaza, anaonekana amelala vizuri. Huko Bengaluru, India, mhandisi Ratul Narain alitengeneza bangili ya Bempu, ya kuvaliwa mkononi kwa wiki 4 za mwanzo. Joto likiwa sawa, kitaa cha buluu kinapepesa. Likishuka, kinageuka rangi ya chungwa na bangili inalia. Jarida la Time liliiweka katika orodha yake ya ubunifu bora wa mwaka 2017. Haina skrini, haihitaji intaneti, haichajiwi, na asiyejua kusoma anaielewa. Ikilia, jibu lake ni lilelile la Bogotá: mtie kifuani, mfunike, mnyonyeshe.

Pasipo bangili, kipimajoto cha kawaida cha dijitali kinachouzwa duka la dawa kinafanya kazi hiyo. Weka kwapani, subiri kilie, andika. Kugusa paji la uso kwa kiganja hakutoshi kwa njiti. Miguu na tumbo vikiwa vya baridi, mtoto tayari amepoa.

Sasa niseme kuhusu vifaa vinavyotangazwa sana mitandaoni: soksi, vishikizo na mikeka inayopima pumzi na mapigo ya moyo wa mtoto usiku kucha. Historia yake ni ya kusikitisha. Mwaka 1972 daktari mmoja wa Marekani, Alfred Steinschneider, alichapisha makala iliyodai kwamba vifo vya ghafla vya watoto usingizini vinatokana na pumzi kukatika mara kwa mara, na kwamba jambo hilo linaweza kutembea katika ukoo. Miongoni mwa watoto wachache aliowaeleza walikuwemo ndugu wawili wa familia moja waliofariki mmoja baada ya mwingine. Mashine za kupima pumzi nyumbani zikauzwa kwa maelfu. Mwaka 1995 mama wa ndugu wale alitiwa hatiani kwa kuwaua watoto wake 5. Na mwaka 2001 utafiti uliofuatilia zaidi ya watoto 1,000 kwa mashine nyumbani ulionyesha kwamba pumzi kusita kidogo ni jambo la kawaida hata kwa watoto wazima wa afya. Madaktari wa watoto wa Marekani wakatangaza mwaka 2003 kwamba mashine hizo zisitumike kama kinga ya vifo vya ghafla.

Miaka ya karibuni soksi ya kampuni ya Owlet ilipendwa sana na wazazi. Oktoba 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliiandikia kampuni barua ya onyo kwamba inauza kifaa tiba bila idhini, na soksi ikaondolewa sokoni nchini humo. Novemba 2023 toleo jipya likapata idhini, kwa watoto wenye afya wa mwezi 1 hadi 18. Soma tena maneno hayo: wenye afya. Njiti aliyeruhusiwa juzi hakutajwa. Kama daktari amempa mtoto wako mashine ya oksijeni na kipimo chake, kitumie kama ulivyoelekezwa. Kununua soksi kwa fedha za maziwa na nauli ya kliniki, hapana.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wa ngozi nyeusi wanapaswa kulijua. Kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, ambacho kanuni yake ilibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, hupitisha mwanga kwenye ngozi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 kwa wagonjwa watu wazima ulikuta kwamba kipimo kilisema oksijeni iko sawa wakati imeshuka, na kosa hilo liliwapata Weusi karibu mara 3 zaidi ya Wazungu. Kwa hiyo namba kwenye kioo isikutulize kama macho yako yanaona kifua kinabonyea, pua zinapanuka, au midomo imebadilika rangi. Amini macho, nenda hospitali.

Na pumzi zihesabiwe vipi? Programu zipo za kugusa kioo kila kifua kinapopanda, zikakupa jibu baada ya sekunde chache. Kwa njiti jibu la haraka linaweza kupotosha. Pumzi zake huja kwa mafungu: anapumua mbiombio, anasita sekunde 5 au 10, anaendelea. Kwa hiyo hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Zikibaki hapo, usingoje asubuhi. Na pumzi zikisita sekunde 20, hilo si la kuhesabu tena wala la kuandikia meseji, ni la kukimbilia hospitali.

Je, wajua kwamba mwanamuziki Stevie Wonder ni njiti? Alizaliwa Mei 1950 huko Saginaw, Michigan, wiki 6 kabla ya wakati, akapoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa unaoshambulia retina ya njiti, hasa aliyepewa oksijeni nyingi. Zama zile haukuzuilika. Leo unazuilika kwa mionzi ya leza au sindano, mradi uonwe mapema. Macho ya njiti mdogo hukaguliwa takriban wiki 4 baada ya kuzaliwa, na ikikutwa hali mbaya, muda wa kutibu ni siku chache tu. Tatizo ni kwamba wiki hiyo ya 4 watoto wengi tayari wapo nyumbani, na daktari bingwa wa macho ya watoto yuko mji mwingine. Karnataka, India, walitafuta njia. Tangu mwaka 2008, mpango wa KIDROP ulioanzishwa na Dkt. Anand Vinekar hutuma mafundi waliofunzwa wilayani na kamera maalumu. Fundi anapiga picha za retina kituoni, picha zinatumwa, na daktari aliye Bengaluru anazisoma kwenye simu na kutoa majibu kabla mama hajaondoka. Mama hasafiri na mtoto wa kilo moja na nusu kwenye basi usiku kucha. Sioni kwa nini mikoa yetu isiwe na mpango kama huu.

Ghana nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghana na wa University College London walifanyia majaribio programu iitwayo neoSCB kwa watoto wachanga zaidi ya 300. Inapiga picha weupe wa jicho na kukadiria umanjano. Kwa mtoto mweusi ngozi huficha umanjano, weupe wa jicho hauufichi. Matokeo yalitoka mwaka 2022 na yalikuwa mazuri, ingawa programu huchuja tu. Kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha.

Zanzibar imechukua njia tofauti na zote hizo, na kwangu mimi ndiyo inayofaa kuigwa kwanza. Mpango wa Jamii ni Afya, wa Wizara ya Afya na shirika la D-tree, haukumpa mama programu. Ulimpa simu mhudumu wa afya wa jamii, jirani yake anayemfahamu kwa jina. Hadi mwaka 2021 ulikuwa umefika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba. Mhudumu anapiga hodi, anakaa mkekani, anafungua simu, na simu inamwongoza aulize nini, atazame nini, na lini aseme "huyu apelekwe kituoni leo". Msimamizi wake anaona nyumba zipi zimetembelewa na zipi bado. Mama asiye na simu hakuachwa. Mama asiyejua kusoma hakuachwa. Na mama aliyechoka hadi anakaribia kulia huonekana na mtu, si na kamera.

Hata hivyo, meseji na bangili hazitamfaa mama aliyerudi kazini mtoto akiwa na kilo 2. Doris Mollel, Mtanzania aliyezaliwa njiti mwenye gramu 900, aliipigania likizo ya uzazi ya mama wa njiti kwa miaka kupitia taasisi yake. Mwaka 2025 Tanzania ilirekebisha sheria za kazi: mama aliyejifungua njiti anaongezewa muda hadi zitimie wiki 40 za ujauzito, ndipo likizo yake ya kawaida ianze kuhesabiwa. Uingereza, Aprili mwaka huohuo, ilianza kuwapa wazazi wa watoto waliolazwa hadi wiki 12 za nyongeza. Kama umeajiriwa Tanzania, nenda kwa mwajiri na karatasi ya hospitali inayoonyesha mtoto alizaliwa wiki ya ngapi, na uidai haki yako kwa maandishi.

Na wewe ambaye mtoto wako anaruhusiwa wiki hii, kabla hujasaini karatasi, muombe muuguzi namba ya simu ya wodi. Iandike nyuma ya kadi ya kliniki, na kwenye simu ya baba pia, na ya bibi. Kisha ipige ukiwa bado umesimama hapo mlangoni, uone kama inapokelewa. Isipopokelewa, rudi ndani ukaombe nyingine.